Anachechemea, anapepesuka, amejikwaa: namna ya kuyasema kwa Kiingereza bila kubahatisha

Mgeni uliyemzungusha magofu ya Kaole tangu asubuhi ameanza kwenda vibaya, na kwenye simu yuko daktari wa bima yake asiyejua Kiswahili. Ukimwambia "She is limping", atakuuliza habari za mguu: kisigino, kifundo, goti, kiatu. Ukimwambia "She is staggering", atauliza amekaa juani muda gani, amekunywa maji, ana kisukari, anajibu akiulizwa jina lake? Neno moja limempeleka daktari mguuni, jingine limempeleka kichwani. Mtu aliyezidiwa na joto hupoteza uimara wa mwendo, na aliyeshukiwa na sukari pia, kwa hiyo kukosea hapa si jambo la kupoteza alama za insha tu.

Nawaandikia vijana wanaotembeza wageni Bagamoyo, wanafunzi wa sekondari, na wale wanaosomea uigizaji TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, ambao siku moja watapewa tamthilia yenye maelekezo ya jukwaani kama "He lurches to the door" na watatakiwa kuyafanya kwa mwili, si kwa mdomo. Kamusi peke yake haitoshi. Tafuta "kuyumba" na utapewa stagger, sway, reel na wobble kwa pamoja, kana kwamba ni kitu kimoja. Fuata hatua hizi, kwa mpangilio huu.

Hatua ya kwanza: uliza tatizo liko wapi

Kabla hujatafuta neno, mtazame anayetembea. Mwendo ukiharibika, chanzo huwa mojawapo ya vinne. Mguu wenyewe una kasoro au maumivu. Au ardhi imemfanyia hila: kamba, jiwe, utelezi, tope. Au mwili umepoteza mizani, miguu ni mizima lakini haijui pa kwenda. Au kuna uzito, wa mwili wake, wa mzigo, wa uchovu. Vitenzi vya Kiingereza vimejigawa karibu kabisa kwa mstari huo. Ukishajua chanzo, umebakiwa na maneno machache tu ya kuchagua.

Hatua ya pili: kama ni mguu

Hapa pana maneno matatu ya kushika. Limp ni kuchechemea, au kama wasemavyo wazee, kwenda chopi: mguu mmoja unauma, kwa hiyo mtu anaukanyagia kidogo na kuuondoa haraka. Hatua moja ndefu, moja fupi. Kama miguu yote miwili inalalamika, limp haifai tena. Aliyechubuliwa na viatu vipya visigino vyote, anayetembea kwa magongo, bibi mwenye magoti mabovu anayejikongoja, hao wana hobble: hatua fupi, za maumivu, mwili umekaza. Kitenzi hichohicho hutumika kwa kumfunga punda miguu ya mbele kwa kamba fupi asitoroke akiwa malishoni. Ukimkumbuka punda yule na hatua zake ndogondogo, hutachanganya hobble na limp.

Shuffle ni kuburura miguu bila kuinyanyua. Sikiliza mtu anayetoka chumbani alfajiri na ndala, ule mlio wa kusugua sakafu: hiyo ni shuffle. Inaweza kuwa ni uzee, usingizi, au foleni ndefu inayosogea kidogo kidogo. Si lazima pawe na maumivu.

Hatua ya tatu: kama ni ardhi

Pwani ya Bagamoyo, pale vyombo vinapopumzika, mchanga umejaa kamba za nanga. Unatembea macho yakiwa baharini, kidole kinanasa kwenye kamba: you trip over the rope. Trip ni tukio la kunasa. Kinachofuata, zile hatua mbili tatu za kupapatika ukitafuta miguu yako, ni stumble. Unaweza kuyaweka yote katika sentensi moja: "He tripped over the rope, stumbled a few steps and caught hold of the boat." Mara nyingine stumble huja bila kamba wala jiwe. Giza tu linatosha, au hatua iliyokanyaga pasipotarajiwa.

Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele, na stumble imebeba maana hiyohiyo: peke yake haisemi mtu ameanguka. Akianguka, lazima useme: "She stumbled and fell." Wakaongeza kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na Kiingereza nacho hukwaza ulimi kwa kitenzi kilekile: "He stumbled over his words", maneno yalimtatiza akiyasema.

Trip ina mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, inaweza kuchukua mtu: "The defender tripped him" ni beki amempiga mtama. La pili ndilo linalowaangusha wengi. Trip ikiwa nomino ni safari, lakini huwezi kuigeuza kitenzi ukasema "We tripped to Saadani". Msikilizaji ataona kundi zima mmejikwaa. Sema "We took a trip to Saadani."

Slip ni kuteleza, haina ugumu. Lakini ukienda kwenye mikoko maji yakiwa yamekupwa, utahitaji neno jingine: flounder, yaani kuhangaika kwenye tope au maji, kila mguu unaochomoa unazamisha mwenzake. Usilichanganye na founder, ambalo ni la chombo kujaa maji na kuzama. Mtu akiwa matopeni anakuhitaji wewe na kamba. Chombo kinachozama ni habari nyingine kabisa.

Hatua ya nne: kama ni mizani ya mwili

Hapa ndipo penye utajiri na ndipo penye makosa mengi, basi tusiharakishe.

Anza na stagger. Mtu anakwenda, lakini kila hatua inatua pembeni ya alipotaka, na mwili mzima unatafuta pa kuegemea. Kiswahili ni kupepesuka. Wanafunzi wengi huliona ni neno la walevi, na kwa sababu hiyo huogopa kulitumia kwa mtu mwenye heshima zake. Waache woga huo. Mgonjwa wa malaria anayetoka kitandani kwenda msalani staggers. Aliyepigwa kichwani staggers. Kijana aliyebebeshwa kapu la samaki zito kuliko nguvu zake staggers under the load. Na mtu anayejiinua kutoka chini kwa shida, huku bado kizunguzungu kimemshika, staggers to his feet. Sentensi hiyo ya mwisho ikariri kama ilivyo, maana utakutana nayo mara nyingi vitabuni.

Reel ni ndugu wa karibu, ila mara nyingi kuna pigo lililotangulia, la ngumi au la habari mbaya. Bondia aliyekula ngumi ya taya reels back, anarudi nyuma akiyumba. Mtu aliyeambiwa kwa simu kwamba nyumba imeungua anaweza kuwa ameketi kitini na bado ukaandika "He was reeling from the news". Wavuvi wa mshipi watalitambua neno hili kwa maana nyingine, gurudumu la kuzungushia uzi. Muktadha utakuambia ni lipi.

Lurch ni la ghafla. Wimbi la ubavuni likikipiga chombo, kinalala upande mmoja kwa mkupuo, na wote waliosimama wanashika kamba: the boat lurched. Watu wa pwani tunasema chombo kinakwenda mrama, lakini mrama ni kule kulala huku na huku kunakoendelea, ambako kwa Kiingereza ni rolling. Lurch ni ule mlalo mmoja usiotarajiwa. Daladala linalong'oka kituoni kabla abiria hawajakaa lurches forward, na abiria aliyekuwa wima naye lurches into the person in front. Kwa hiyo mwigizaji anayesoma "He lurches to the door" asiende akipepesuka taratibu tangu mwanzo hadi mwisho. Mwili unapaswa kurushwa, mara moja au mbili, kwa mshtuko, kana kwamba sakafu imeinuka upande mmoja.

Totter ni udhaifu. Mtoto aliyekuwa akisimama dede jana, leo ameachia ukuta na kupiga hatua zake za kwanza: he is tottering. Mgonjwa aliyelala wiki nyingi, siku anapoinuka, naye vilevile. Mtoto akishazoea kidogo, akawa anakwenda hukuhuku kwa vihatua vifupi, kitenzi kinakuwa toddle, na ndiyo sababu mtoto wa umri huo huitwa toddler. Teeter ni kuwa ukingoni, karibu kuanguka lakini bado hujaanguka: mtu kwenye ukingo wa ukuta wa gati, au dada aliyevaa viatu vya mchuchumio akapita navyo kwenye mawe ya Mji Mkongwe. "She teetered along the street in her high heels."

Sway liangalie kwa makini. Minazi husway, na mtu anayefuata ngoma akiwa amesimama papo hapo naye husway. Halimsogezi mtu kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Ukiandika "The sick man swayed", msomaji anamwona amesimama, mwili unakwenda huku na huku. Ukitaka afike mlangoni, mpe stagger. Wobble ni mtikisiko mdogo wa kitu kisichokaa sawa: magoti, baiskeli ya mwanafunzi anayejifunza, meza yenye mguu mfupi.

Kuna jambo la kusaidia kumbukumbu, nami naona linastahili kufundishwa mapema kuliko linavyofundishwa. Kiswahili kikitaka kuonyesha kitendo kidogo kinachojirudia, hurudia kitenzi chenyewe: yumbayumba, lewalewa, sitasita. Kiingereza tangu zamani kilikuwa na njia yake, kubandika mkia wa -le au -er. Waddle ilitokana na wade, kutembea majini. Sasa yatazame kwa pamoja: hobble, toddle, waddle, wobble, shuffle, stumble, stagger, totter, teeter. Karibu yote ni miendo inayojirudia hatua kwa hatua. Kisha tazama lurch na trip, yasiyo na mkia: ni mambo ya mara moja. Si kanuni isiyovunjika, kwa maana limp haina mkia na bado inaendelea, lakini ukikwama katikati ya mtihani itakusaidia kuamua.

Hatua ya tano: kama ni uzito

Bata waddles: miguu mifupi, mwili mpana, kiuno kulia, kiuno kushoto. Kiboko akitoka Mto Wami kwenda malishoni lumbers, mzito na asiye na haraka, mwendo wa mnyama mkubwa. Hayo mawili yanatosha kwa wanyama.

Kwa binadamu, maneno yanayokuhusu zaidi wewe wa Bagamoyo ni trudge na plod. Plod ni mwendo wa polepole, mzito, usiobadilika, kama wa punda wa mkokoteni. Trudge imeongeza uchovu na umbali: mtu amechoka, njia bado ndefu, mchanga unameza miguu, na bado anakwenda. Wageni husimama chini ya Mnara wa Livingstone pale misheni ya Wakatoliki wakasikia kwamba mwili wa David Livingstone, aliyefariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, uliletwa Bagamoyo Februari 1874 na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao. Kiongozi akisema "They walked to Bagamoyo", amesema kweli lakini amewapunja. Akisema "They staggered to Bagamoyo", amewafanya watu wanaoangukaanguka njia nzima, na hivyo sivyo walivyokuwa. "They trudged more than 1,500 kilometres to Bagamoyo, carrying his body." Hapo uchovu upo, umbali upo, na dhamira yao ipo. Kitenzi hichohicho kinawafaa wapagazi wa karne ya 19 waliotembea kutoka bara wakiwa na pembe mabegani. Watu wale walibeba vya kutosha, tusiwapunguzie haki yao kwa kitenzi dhaifu.

Hatua ya sita: igeuze sentensi

Ukishapata kitenzi, usikiweke pale ambapo Kiswahili kingekiweka. Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Sisi hutanguliza uelekeo na kufuatisha namna: alitoka nyumbani, akipepesuka. Aliingia jikoni, akiburura ndala. Alivuka barabara, akichechemea. Kitenzi kikuu ni kutoka, kuingia, kuvuka. Anayefikiri hivyo huandika "He went out of the house while staggering", sentensi isiyo na kosa la sarufi lakini nzito masikioni.

Kiingereza hufanya kinyume. Namna ya kutembea inakuwa kitenzi kikuu, na uelekeo unashushwa uwe kijineno kinachofuata. "He staggered out of the house." "He shuffled into the kitchen." "She limped across the road." Kutoka kumekuwa out of, kuingia kumekuwa into, kuvuka kumekuwa across, na kupanda, kushuka na kurudi ni up, down na back. Mchezaji aliyeumia akatoka uwanjani anachechemea: "He limped off the pitch." Maneno matano yametosha.

Fanya hivi kwenye daftari. Andika sentensi ya Kiswahili, chora mstari kati ya uelekeo na namna, kisha badilisha nafasi zao. Chukua "mzee alishuka ngazi akijikongoja". Namna ni kujikongoja, basi hobbled. Uelekeo ni kushuka, basi down. "The old man hobbled down the stairs." Fanya kumi za aina hiyo jioni moja na mkono utazoea.

Tahadhari moja tu: over ikija baada ya trip au stumble haina maana ya kuvuka, inataja kilichokukwaza. Na stumble upon ni kukutana na kitu bila kukitafuta, kama mtu anayepita vichochoroni akakiona kibaraza kizuri chenye mlango wa nakshi.

Hatua ya saba: wakati uliopita

Hapa habari ni njema. Vitenzi vyote nilivyovitaja hufuata kanuni ya -ed, hakuna hata kimoja kinachobadilika umbo. Shida iko kinywani, kwa kuwa ulimi wetu hupenda silabi imalizike na irabu. Limped, tripped, slipped na lurched humalizika kwa sauti ya "t", bila silabi ya ziada, usiseme "limpedi". Staggered, stumbled, hobbled, reeled na trudged humalizika kwa "d" nyepesi. Plodded pekee, na waded kama utaihitaji, ndizo zinazoongeza silabi. Kwenye tahajia, zidisha konsonanti katika tripped, slipped na plodded. Usiizidishe "r" ya staggered, tottered wala teetered.

Hatua ya nane: kajaribu mchangani

Nenda ufukweni maji yakiwa yamekupwa, mchanga ungali na unyevu na haujakanyagwa. Nenda na mwenzako. Mmoja ageuke nyuma, mwingine atembee hatua kama kumi kwa kitenzi alichokichagua kimoyomoyo. Kisha aliyegeuka asome nyayo na ataje kitenzi.

Limp itaacha nafasi zisizolingana, fupi kisha ndefu. Hobble, zote fupi. Shuffle itachora mistari miwili badala ya nyayo. Stagger itakwenda huku na kule, nyayo zimeachana, nyingine zimeangalia pembeni. Trudge ni nyayo za kina, visigino vimezama, mstari umenyooka. Ukiona mwendo mzuri, kisha unyayo mmoja umekwaruza mchanga, kisha tatu zimejazana mbele, hapo mtu tripped and stumbled. Kila mkisoma nyayo, semeni sentensi nzima kwa sauti, yenye uelekeo ndani yake: "You staggered towards the boats." Kitenzi ulichokifanya kwa miguu yako hakisahauliki upesi kama kile ulichokinakili ubaoni.

Mwisho, adabu

Maneno haya ni ya kumwelezea mtu kwa daktari, kwenye insha, au jukwaani. Kumwambia mtu usoni ni jambo lingine. Waddle kwa mtu mnene au mama mjamzito ni tusi, hata kama yeye mwenyewe hujitania nalo. Totter, na dodder ambalo hutumika kwa wazee wanaotetemeka, yanamvunjia mzee heshima yake. Kama ambavyo usingemwamkia babu kwa "shikamoo" kisha ukamwambia anachechemea, na kwa Kiingereza usifanye hivyo. Useme "He walks slowly", au "He uses a stick". Cripple usilitumie kabisa kwa mtu.

Na yule mgeni wa Kaole, kabla hujamtafutia kitenzi chochote cha kumweleza daktari, mpeleke kivulini, mpe maji, kisha muulize yeye kwanza: "Are you all right? Would you like to hold my arm?"